Kona ya Juu Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na magoti yamekupa likizo. Mimi sijambo, ila kichwa kinanizunguka. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu ulisema unanisikia kama nyuki ndani ya kopo, ukakata, kisha ukamwambia jirani kwamba mwanao siku hizi hana adabu, anavuma tu.

Habari kubwa ni kwamba nimerudishwa kwenye chumba chenu. Ndiyo, kile kile. Tumekabidhiwa antena mpya tuipime. Ni sahani ndogo ya kubeba kwapani, lakini ukiigusa bila glavu Mkuu wa maabara anaweza kuzimia. Itafungwa kwenye satelaiti, ikae huko juu ikisikiliza mvuke wa maji ulio kwenye tabaka za hewa ambazo puto za hali ya hewa hazifiki. Mvuke huo unatoa mawimbi yake wenyewe, mafupi sana, wimbi moja halifiki milimita mbili. Kazi yangu ni kuhakikisha antena inasikia mbele tu, haidokoi habari za pembeni.

Chumba hakijabadilika sana. Koni za sponji zinazomeza mawimbi bado zimejaa kuta zote, sakafu mpaka dari, buluu yake imechujuka. Ukisogea karibu na ukuta harufu ya gundi yako ipo. Wafanyakazi wapya wanajua kwamba koni elfu tatu na mia mbili zilibandikwa na Mama Gundi na wenzake wawili. Hawajui kwamba Mama Gundi ni mama yangu, na mimi siwaambii mpaka niwasikie kwanza wanakusemaje. Mpaka sasa wanakusema vizuri.

Bakuli la bati nalo lipo mlangoni. Kila asubuhi navua saa na hereni naziweka humo pamoja na funguo, maana chuma hurudisha mawimbi, nami namkumbuka Baba, fundi wa kwanza wa chumba hiki. Unaweza kuamini wazee wa hapa bado wanamwita Kimya? Mmoja ameniambia aliwahi kukaa naye humo ndani siku nzima akatoka na maneno matatu, na moja lilikuwa “sogea”.

Sasa sikiliza. Daftari lake la taratibu bado linaning'inia kwenye msumari. Ukurasa wa mwisho ameandika: “Kona ya juu kushoto: antena isielekezwe huko.” Basi. Hakuna sababu. Tumeitii miaka yote, tunaiita Sheria ya Kimya. Lakini antena hii lazima izungushwe pande zote, hatuna jinsi. Ijumaa tukaielekeza kona ile, na kwenye mchoro wa vipimo, mahali palipotakiwa kuwa laini, pakaota kinundu.

Kama kinundu ni cha antena, antena ina kasoro na haipandi. Kama ni cha chumba, lazima tuseme ni nini. Tuna mpaka tarehe 4 Aprili. Baada ya hapo satelaiti inafungwa, na mahali pa antena yetu watatia kizibo. Ni miaka tisa ya kazi, Mama, na sita kati ya hiyo ni yangu.

Wewe ndiye uliyebandika kona ile. Kwa nini Baba alikataza?

Nimemkumbuka mno wiki hii. Nakumbuka anavyomaliza kula, anaweka kijiko chini, anakutazama: “Mama Gundi, una la kuniambia?” Nawe unamjibu: “Ninalo. Vyombo havijaoshwa.” Naye anaenda kuviosha huku anacheka peke yake. Nilikuwa nadhani ndoa zote ziko hivyo.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Mpimaji


Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti hayajui likizo ni nini. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa miwani iliyofungwa uzi, kwa hiyo kama nimeruka neno usinilaumu.

Umenirudisha mbali. Unajua mimi sikuwa mtu wa maabara. Nilikuwa fundi wa makochi, na makochi yangu yalikuwa yanasifika. Walipojenga chumba kile wakaja dukani kwetu kuuliza nani anajua sponji na gundi, bosi wangu akaninyooshea kidole. Nikaenda nikidhani ni kochi. Nikakuta chumba kisicho na dirisha, na mwanamume mwembamba ameshika rula. Nikabandika koni ya kwanza. Akaipima, akasema, “Hii imeinama.” Nikamwambia, “Wewe ndiye uliyeinama.” Akaendelea kupima. Kesho yake akaja na kiti, akakiweka chini ya ngazi yangu ili nikishuka nipate pa kukaa. Ndivyo alivyotongoza, kwa kiti.

Halafu ule ukimya wa mle ndani! Ukizungumza, neno linatoka mdomoni na halirudi. Mwenzangu mmoja alilia siku ya kwanza, akasema anausikia moyo wake unavyofanya kazi. Mimi nilipapenda. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto tisa.

Kuhusu kona, nadhani ni paa. Mwaka ule tulioanza kazi mvua ilikuwa ikivuja upande ule, na sponji ikinywa maji haisahau. Baba yako alikuwa na wasiwasi sana na unyevu. Mtafuteni fundi paa apande aangalie.

Lakini koni msizibandue. Gundi ile niliichanganya mwenyewe, mkivuta mtarudi na ukuta mzima mikononi.

Kula vizuri. Usishinde na chai tupu.

Mama yako,
Gundi mstaafu


Ijumaa, 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Fundi paa amekaa juu yetu siku nne. Ameng'oa bati tatu, amechungulia kila msumari, akashuka na vumbi kichwani na kusema kule juu ni pakavu kama gunia la unga. Hajaona hata alama ya maji ya zamani. Siku nne zote hatukuweza kupima kwa sababu ya nyundo zake.

Nami nimefanya hesabu. Mwendo wa mawimbi unajulikana, kwa hiyo ukijua yametumia muda gani kwenda na kurudi, unajua yamegonga wapi. Yanagonga ukutani, kwenye kona ile ile, mita tatu na sentimita sitini kutoka kwenye antena. Kinachogongwa ni kidogo, kigumu, na ni cha chuma. Unyevu hauwi hivyo.

Nilimpelekea Mkuu hesabu zangu nikidhani atafurahi. Akaketi, akavua miwani, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza: “Baba yako alijua. Mtu haandiki katazo bila sababu. Aliona kasoro ya chumba chake akaifunika, na ametuachia sisi.” Anasema sasa kila kipimo ambacho Baba alitia sahihi kwa miaka ishirini na mitano kinatiliwa shaka. Ameandika taarifa: chumba hakiaminiki tangu enzi za fundi wake wa kwanza, antena isipande, na chumba kivunjwe. Anataka na mimi nitie sahihi ifikapo tarehe 28, kwa kuwa mimi ndiye mpimaji.

Nimemwomba tusake kitu chenyewe. Anasema kona ina koni mia nne, tukianza kubandua tutaangusha ukuta, na sponji mpya inachukua miezi kufika. Hataki tupoteze siku zilizobaki kufukuza mzimu.

Nimemtetea Baba mpaka koo limekauka. Nimesema mtu yule alikuwa anarudia kipimo kwa sababu nzi alipita. Lakini nikiulizwa kwa nini aliandika vile, nami, Mungu anisamehe, nimeanza kujiuliza. Je, tulimjua? Mtu asiyesema, utajuaje anachonyamazia?

Samahani, barua hii haina utani. Kama kuna unalolijua, niambie. Kama huna, niombee tu.

Mwanao


Jumanne, 18 Machi

Mwanangu,

Usitie sahihi.

Baba yako hakufunika kitu. Aliyefunika ni mimi. Karatasi hii nampa mwalimu jirani yetu anayesafiri leo kuja huko, atakufikishia mkononi. Barua yenyewe naandika kesho, mwalimu ananingoja mlangoni.

Mama


Jumatano, 19 Machi

Mwanangu,

Nimeketi mezani, nimefunga mlango, nimeondoa hata redio. Sasa nasema.

Kwanza nikuombe radhi kwa fundi paa. Paa halikuwahi kuvuja. Nilikudanganya mchana kweupe, tena kwa mwandiko mzuri.

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yetu na mwaka wa mwisho wa kubandika. Nilikuwa na mimba yako ya miezi mitano. Ukiwa juu ya ngazi na tumbo na harufu ile ya gundi, akili haiko yote kichwani, lakini sijitetei. Kila asubuhi baba yako alikuwa anavua pete yake ya ndoa anaiweka kwenye bakuli la mlangoni, kama sheria inavyotaka. Jumatatu akatoka akaisahau humo, nikampelekea nyumbani. Jumanne akaisahau, nikampelekea. Jumatano naona pete iko kwenye bakuli peke yake na yeye yuko nje anaipanga rula yake ndani ya mkoba wake kama anayelaza mtoto. Damu ikanipanda. Nikasema, mwanamume gani huyu anakumbuka rula na kusahau pete?

Nikaichukua. Nilitaka akose usingizi siku mbili tu, kisha niiokote mbele yake niseme, “Hii nayo ya nani?” Nikatafuta pa kuificha ambapo hatafikiri kutafuta. Na mahali pekee ambapo yule mtu asingetafuta chuma ni ndani ya chumba kisichoingizwa chuma. Mimi, niliyekuwa nawafokea wenzangu kwa pini ya nywele, nikapanda ngazi na pete mdomoni. Nikaipenyeza kati ya koni mbili, kona ya juu kushoto, gundi ikiwa bado mbichi.

Jioni ile hakuja nyumbani kwa wakati. Nilimfuata maabara, nikamkuta amefungua bomba la sinki, yuko chini, maji yamemlowesha kifua. Akanyanyua kichwa akaniambia, “Nimeipoteza.” Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona analia. Nilipaswa kusema pale pale, nami nikampa kitambaa ajifute. Nikasema nitaitoa kesho niseme nimeiokota. Kesho nikaingia, wenzangu wameshamaliza kona yote mpaka dari, koni zote sura moja, gundi imekauka. Nikapapasa mpaka vidole vikauma. Sikuipata.

Kumwambia sasa kukawa na maana ya kusema pia kwamba nimetia chuma ndani ya chumba chake. Wangemwambia avunje ukuta. Nikasema acha nijifungue kwanza. Ukazaliwa. Nikasema acha utembee kwanza. Hivyo hivyo, mwanangu. Siku ya kusema ilikuwa kesho, na kesho ikawa na kesho yake.

Yeye alitafuta miaka. Utakumbuka alivyokuwa akitembea ameinama pale nyasini mbele ya maabara, watu wakadhani ni mgongo. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili akaacha kuinama. Nikasema amesahau, nikashukuru. Mpaka anakufa hakuninyooshea kidole, na mimi kila nikikiona kidole chake kitupu nilikuwa naona haya kama mwizi.

Kwa nini aliandika ile sheria sijui. Naapa sijui. Lakini chuma chenu ni pete, na aliyeiweka ni mimi. Mwonyeshe Mkuu barua hii. Mwambie aniandike mimi kwenye taarifa yake.

Utafute hivi: nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, mkono wa kulia umeshika ukuta, wa kushoto umefika karibu na taa ya tatu. Mimi ni mfupi, unanijua. Usitafute juu sana.

Ukinikasirikia utakuwa na haki yako.

Mama


Alhamisi, 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilikukasirikia siku mbili. Ya tatu nikachoka, maana kila nikikukasirikia nakuona na pete mdomoni juu ya ngazi, na tumbo lako, mimi ndani yake, nacheka peke yangu kwenye korido.

Mkuu alisoma barua yako amesimama. Alipomaliza akaniuliza, “Mama yako ana urefu gani?” Nikamwonyesha begani kwangu. Akatupatia siku moja ya kuitafuta.

Hatukubandua kitu. Tulichukua kipande cha sponji kama mto, tukakifunga kwenye mti mrefu, tukawa tunafunika koni chache chache huku mwenzangu anatazama mchoro. Tukifunika hapa, kinundu kipo. Tukifunika pale, kipo. Saa nane mchana akapiga kelele kwamba kimepotea. Tulikuwa tumefunika safu ya saba kutoka juu, koni ya kumi na moja. Chini ya taa ya tatu, Mama. Nikapanda mwenyewe. Gundi imesinyaa kwa uzee, koni mbili zimeachana kama meno. Nikatia vidole viwili, nikaigusa.

Ila haikuwa peke yake. Keti kwanza kabla hujaendelea.

Pete ilikuwa imezungushiwa karatasi na kufungwa kwa uzi wa pamba. Karatasi ya daftari lake. Mwandiko wake, penseli. Nakunakilia kama ilivyo, kwa sababu yenyewe sitaki ipotee njiani:

“14 Juni. Nabadilisha taa, nimeiona. Iko kati ya koni mbili, imetiwa ndani kabisa. Haikudondoka. Mwenyewe atasema akiwa tayari. Nairudisha.”

Mwaka wenyewe uko juu ya karatasi: nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sheria kwenye daftari aliiandika tarehe 16 Juni, siku mbili baadaye, nimekwenda kuangalia. Na nyuma ya karatasi kuna hesabu zake: mawimbi waliyokuwa wakipima wakati ule yalikuwa marefu kuliko kiganja, kwayo pete ni kama haipo. Amepigia mstari. Chini yake ameandika kwamba yakija mafupi itaonekana, na antena isielekezwe kona hiyo. Kisha ameorodhesha vipimo vinne vya zamani alivyovirudia, asije akawa amewadanganya watu. Vyote vilikuwa sawa. Mkuu alivisoma, akavua miwani, akatoka nje akakaa huko. Aliporudi alichana taarifa yake.

Lakini Mama, si hayo tu. Chini ya mistari ile ya kwanza kuna tarehe moja tu, inajirudia mara kumi na tatu. Tisa Agosti. Siku ya ndoa yenu. Kila mwaka alikuwa anapanda ngazi, anaitoa, anaandika, anairudisha. Nyingi ameandika neno moja, “Bado.” Nyingine ana zaidi kidogo:

“Bado. Nimemuuliza tena. Vyombo.”

“Bado. Leo alifungua mdomo. Kisha akasema chumvi imekwisha.”

“Bado. Sina haraka.”

Ya mwisho ni ya mwaka aliostaafu: “Kesho nakabidhi funguo. Naiacha. Nikiipeleka nyumbani atajua nilijua, na atasema kwa kuona haya. Nataka aseme kwa kupenda.”

Kwa hiyo ndilo alilokuwa anakuuliza, Mama. Kila siku tukiwa mezani.

Kinundu hakipo. Tumepima mara tatu, pande zote, mchoro umelala laini. Jana nimetia sahihi, ila taarifa nyingine: antena ni nzima, chumba ni kizima, chuma kilichokuwamo kimetolewa. Nimeulizwa niandike ni chuma gani. Nimeandika “pete, moja”. Antena inaondoka Jumatatu kwenda kufungwa kwenye satelaiti.

Pete ninayo. Nimeiweka kwenye bakuli la mlangoni, sikujua pengine pa kuiweka.

Mwanao


Jumanne, 1 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia msiba ni wa miaka minne, ndio kwanza habari zimenifika.

Nimemkasirikia mno baba yako. Miaka kumi na tatu! Mtu ananitazama usoni, kijiko chini, ananiuliza nina la kumwambia, na jibu analo mwenyewe ukutani amelifunga kwa uzi. Kumbe alipokuwa anaosha vyombo akicheka alikuwa ananicheka mimi. Na mimi najiona mjanja. Nimempigia kelele picha yake pale ukutani mpaka nikaona aibu, kwa sababu yeye kama kawaida yake hakujibu.

Halafu nikalia. Nakuambia wazi, nimelia kama mtoto. Sikulilia pete. Nimelilia siku ile ya mwisho hospitalini, wewe ulikuwa umetoka kumletea maji. Alifumbua macho akanitazama vile vile, sauti haina nguvu, akasema, “Mama Gundi, una la kuniambia?” Nikadhani anafanya utani wake wa siku zote. Nikamfunika shuka, nikamwambia, “Lala. Tutaongea kesho.” Akatabasamu. Saa moja baadaye akawa hayupo. Nimeishi na neno lile “kesho” bila kujua nilichomnyima.

Angeniuliza waziwazi ningesema, mwanangu. Naamini ningesema. Yeye aliona akinyamaza ananiheshimu, nami nikinyamaza niliona ninajiokoa. Tukapendana hivyo hivyo, na tulipendana, usidhani vingine. Ila palikuwa na sentensi moja kati yetu, na hakuna aliyeisema.

Sasa nisikilize vizuri. Mmetoa pete, mmeacha tundu. Koni mbili zimeachana, umesema mwenyewe. Nawajua nyie, mtamwita mtu na gundi ya dukani aje apake kama anayepaka siagi. Asiguse mtu. Mwambie Mkuu nakuja Jumanne ijayo na brashi yangu. Magoti yatajua yenyewe. Wewe utashika ngazi.

Pete iache kwenye bakuli, nitaichukua nikitoka. Nataka kuikuta pale alipokuwa akiisahau.

Mama


Jumanne, 8 Aprili
Kwa Kimya, kona ya juu kushoto

Mume wangu,

Nimo chumbani kwako. Mwanao ameshika ngazi, anajifanya anatazama sakafu. Mkuu yuko nje ya mlango, ameniamkia mara mbili kwa woga, na amevua mpaka mkanda wake ingawa haingii. Nimeweka saa yangu na bangili kwenye bakuli. Pete yako imo humo humo, nimeigusa tu, sijaichukua.

Karatasi hii itakaa nyuma ya koni ya kumi na moja, safu ya saba. Haina pini wala klipu, najua sheria. Mwanao amepiga hesabu, anasema karatasi mawimbi yanaipita kama haipo, kwa hiyo hata wimbi fupi la milimita mbili halitatusikia. Nimeandika kwa penseli kama wewe.

Gundi ya siku hizi si gundi, ni maji ya mchele, lakini nimeichanganya upya kwa mkono wangu. Koni nimeinyoosha. Usiniambie imeinama.

Antena ya mwanao imeshaondoka. Itakuwa juu kuliko mawingu, inasikiliza mvuke, kazi ya kusikiliza tu bila kusema. Umemrithisha vizuri.

Nilitaka niyaseme haya kwa sauti. Nimejaribu sasa hivi, nimesema jina lako la nyumbani, lile ambalo hata huyu mtoto halijui. Neno limetoka na halikurudi, kama zamani. Kwa hiyo naona limefika.

Miaka yote ulikuwa ukiniuliza kama nina la kukuambia. Ninalo. Pete niliificha mimi. Nilikuwa na hasira siku moja, na woga miaka yote iliyobaki. Nisamehe.

Na vyombo leo naosha mimi.

Mama Gundi